Sifa Iliyokulia Ugenini

*Tshibumba Kanda Matulu alichora nyuso za wakuu na mashahidi wa Kongo juu ya magunia ya unga, kisha akazieleza kwa Kiswahili. Picha zimo Amsterdam. Maneno yake yangali yakingoja wasikilizaji kwao.*

Mtu apitaye njia za Kasuku, hapa Kindu, tangu kituo cha gari la moshi hadi ukingo wa Lualaba ambako mitumbwi huvusha watu kwenda Alunguli, hukutana na nyuso zilizochorwa kabla hajakutana na wenye nyuso zao: vichwa vya vijana walionyolewa kwa namna hii na ile juu ya ukuta wa kinyozi, mama mwenye sahani ya wali juu ya mlango wa mkahawa, mganga wa meno na kinywa kilicho wazi, na kila uso umetiwa rangi kwa mkono na fundi ambaye aghalabu hakuacha hata herufi moja ya jina lake.

Mafundi hao hao ndio waendewao na mtu aliyefiwa na baba yake, asiyebakiwa na kumbukumbu ya mzee ila picha moja ya kitambulisho, ndogo kama kidole gumba na iliyokwisha kufifia, naye husema, «Fundi, nikuzie mzee, awe kama alivyokuwa.» Fundi huitazama ile picha kwa kitambo, huuliza kama mzee alikuwa mweusi sana au maji ya kunde, kama alizoea kucheka au kunyamaza, kisha huanza na macho, kwa kuwa macho yakikosewa mjane hataitundika picha ile ukutani.

Mhariri aliponiagiza nichungue jinsi jina la mchoraji wa sura za watu linavyozaliwa na kukua katika nchi yetu, sikuona mfano ulio bora kuliko wa Tshibumba Kanda Matulu, mtu aliyeanza kazi kama waanzavyo mafundi hawa, akiwauzia watu wa mshahara mdogo picha za kutundika sebuleni, na ambaye, kabla umri wake haujatimia miaka 30, alikuwa amekwisha kuchora tarikhi nzima ya taifa lake katika picha zaidi ya 100.

Wala si mtu wa mbali nasi. Lubumbashi, alikozaliwa, ni mji uliofungamana na Kindu kwa reli ipitayo Kongolo na Kabalo. Na Kiswahili alichokisema ni ndugu wa hiki chetu, kilichofika Maniema kwa misafara ya Nyangwe na Kasongo zama za Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yule Tippu Tip. Tena uso aliourudia mara nyingi, uso wa Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo huru, uliwahi kuonekana hapa jirani, Kalima, ambako Lumumba kijana alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya madini ya Symétain wakati wa Vita Kuu ya Pili, kabla hajakwenda Stanleyville.

Mji wa shaba na wachoraji wake

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 katika mji uliokuwa ukiitwa Elisabethville, mji wa kampuni ya madini ya Union Minière na wa mabomba yake ya moshi, ambamo watu wa kila kabila walikusanywa kwa ajili ya shaba, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi, ya soko na ya urafiki.

Mwaka mmoja kabla ya kuzaliwa kwake, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua mjini humo karakana iliyojulikana kwa jina la Le Hangar, ambamo vijana kama Pilipili Mulongoy na Mwenze Kibwanga walichora samaki, ndege, nyoka na majani kwa ufundi uliowastaajabisha Wazungu wa zama zile, na mwaka 1951 ikafuata akademia ya sanaa iliyoanzishwa na Laurent Moonens.

Na nyuma ya hayo, mwaka 1926, mtumishi wa serikali ya kikoloni aitwaye Georges Thiry aliona huko Bukama kuta za nyumba zilizopambwa kwa michoro, akamtafuta mwenye mkono ule, Albert Lubaki, aliyekuwa mchonga pembe za ndovu, akampa karatasi na rangi za maji. Mwaka 1929 kazi za Lubaki zilionyeshwa Brussels, na watu wa Ulaya wakazisifu; mwenyewe alibaki Kongo, na haukupita muda mrefu habari zake zikakatika.

Nimeyaleta haya kwa kuwa yanaonyesha mwendo uliokuwa umezoeleka: karatasi ilitoka kwa mgeni, hukumu ya kizuri na kibaya ikatoka kwa mgeni, na kazi ikaondoka na mgeni. Tshibumba hakupita katika mlango huo. Hakuwa mwanafunzi wa karakana wala wa akademia, na wanunuzi wake wa kwanza walikuwa watu wa mtaani kwake.

Alikuwa mtoto wa miaka kama 13 uhuru ulipotangazwa, tarehe 30 Juni 1960, na siku 11 tu baadaye Moïse Tshombe akaitenga Katanga na Kongo, hata bendera ikabadilika juu ya paa za mji wake. Na tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, pamoja na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito, akaletwa huko huko Elisabethville kwa ndege na kuuawa usiku ule katika pori lisilo mbali na mji. Mtoto aliyekulia mahali hapo, katika minong'ono ya wakubwa waliojua na waliodhani, hakuhitaji kitabu kumfahamisha ya kuwa tarikhi ni jambo limpatalo mtu nyumbani kwake.

Kitambaa cha gunia, rangi na sebule

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970, Elisabethville ikiwa imekwisha kuitwa Lubumbashi, Katanga ikiitwa Shaba na Kongo ikiitwa Zaire, palikuwa na wachoraji wengi katika miji ya migodi na reli, nao wakifanya biashara iliyokuwa na kanuni zake zinazofahamika.

Hawakununua turubai ya Ulaya. Walitwaa kitambaa cha gunia la unga, wakakitandaza juu ya fremu ya mbao, wakakipaka rangi ya msingi hata nyuzi zikajificha, kisha wakachora. Na picha ikauzwa kwa bei ambayo mfanyakazi wa mgodi, karani au mwalimu wa shule angeweza kuilipa, pengine kwa mafungu, kisha ikatundikwa sebuleni juu ya viti ambapo mgeni hawezi kuikosa.

Mambo ya kuchorwa yalikuwa yanajulikana, na mnunuzi aliyataja kama mtu atajavyo chakula akipendacho: Mamba Muntu, yaani mwanamke aliye nusu samaki, mwenye nywele ndefu na ahadi ya mali, kijiji cha wahenga penye mto na minazi, na Colonie belge, picha ya gereza la wakati wa Wabelgiji, ambamo mfungwa aliyelazwa chini anapigwa kiboko huku afisa Mzungu akitazama. Picha hizi zilikuwa ukumbusho. Mwenye nyumba aliziweka ili zizungumzwe, baba awaeleze wanawe, na jirani atie neno lake.

> Mwenye nyumba aliziweka picha ili zizungumzwe, baba awaeleze wanawe, na jirani atie neno lake.

Katika soko hilo Tshibumba alijipatia riziki kwa kuchora yaliyotakiwa, akirudia picha ile ile mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali, na wala hakuona aibu katika kurudia, kwa maana mke na watoto hawali sifa. Lakini tangu mapema nia yake ilikwenda mbali kuliko soko. Alitaka kuchora mambo yaliyotukia, kwa majina na tarehe, na alijihesabu kuwa mwanatarikhi wa taifa lake kwa kadiri ile ile aliyojihesabu kuwa mchoraji.

Wakati nao ulimsaidia katika jambo moja. Mwaka 1966 Rais Mobutu alimtangaza Lumumba kuwa shujaa wa taifa, na kwa tangazo hilo uso ambao miaka mitano kabla ungeweza kumtia mtu gerezani huko Katanga ukawa uso wa halali kutundikwa. Mchoraji angeweza kumchora Lumumba na kusema kwa njia yake maneno ambayo asingethubutu kuyasema kwa kinywa juu ya watawala waliokuwa hai.

Mlango wa mwalimu

Mwishoni mwa mwaka 1973 Tshibumba alibisha mlango wa Johannes Fabian, Mjerumani mtaalamu wa elimu ya watu na desturi zao, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi, akiwa amebeba picha za kuuza, kama alivyobisha milango mingine mingi ya mjini.

Jambo lililotokea mlangoni hapo lilikuwa na uzito kuliko uuzaji wa picha mbili tatu. Fabian, aliyekuwa akikusanya michoro ya mjini pamoja na Ilona Szombati-Fabian, aliona ya kuwa mtu huyu hakufuata orodha ya soko. Naye Tshibumba, alipopata msikilizaji, alieleza ya kuwa angeweza kuichora tarikhi yote ya nchi, tangu kabla ya kuja Wazungu hata siku zile, ikiwa angepatikana mtu wa kuzinunua picha hizo kwa mfululizo.

Basi mpaka kufikia mwisho wa mwaka 1974 picha ziliendelea kuja, mafungu kwa mafungu: wafalme wa kale, Diogo Cão akifika Kongo, Livingstone na Stanley, kifo cha mfalme Msiri, nabii Simon Kimbangu mbele ya mahakama, wafanyakazi wa Union Minière waliopigwa risasi mwaka 1941, uhuru, kutengwa kwa Katanga, ndege iliyoanguka na Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, na kuendelea. Kila fungu lilipofika, kinasa sauti kiliwashwa, naye Tshibumba akasimulia kila picha kwa Kiswahili cha Shaba, kwa taratibu, kama mzee wa baraza.

Juu ya picha yenyewe maandishi yalikuwa ya Kifaransa, lugha ya shule na ya serikali, ilhali tafsiri ya jambo, na sababu zake, na uchungu wake, vilitoka mdomoni kwa Kiswahili. Mtu atazamaye picha bila ya kuyasikia maneno yale ameona nusu ya kazi.

Fabian alichapisha kitabu juu ya mkusanyo huo mwaka 1996, *Remembering the Present*, ambamo picha na masimulizi vimewekwa pamoja kwa Kiingereza, na maneno ya asili ya Kiswahili yakatolewa wazi katika hifadhi ya Chuo Kikuu cha Amsterdam. Picha zenyewe zilichukuliwa na Tropenmuseum ya mji huo, ambayo tangu mwaka 2023 huitwa Wereldmuseum.

Uso wa Lumumba

Yafaa tusimame kidogo mbele ya picha mojawapo, kwa kuwa sifa ya mchoraji haithibitiki kwa majina ya majumba yaliyomtundika.

Nayo ni ile ya mauaji ya tarehe 17 Januari 1961. Lumumba, Mpolo na Okito wamelala chini wamekufa, na nyuma yao, mbali, pamesimama misalaba mitatu, kama ile ya Kalvari. Ubavuni mwa Lumumba damu inatoka, nayo haitiririki ovyo, bali inakwenda juu ya ardhi na kuandika neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Mwenye kuifahamu Injili huona ubavu uliochomwa mkuki; mwenye kuzifahamu siasa za miaka ile huona Kongo isiyogawanyika, ambayo kwa ajili yake mtu huyu aliuawa katika jimbo lililojitenga.

Tena tazama jinsi anavyomtambulisha katika picha zake mbalimbali. Kidevu chenye ndevu chache zilizochongoka, njia iliyopasuliwa katika nywele, miwani: alama tatu tu, naye mtoto wa shule anamtaja. Wachoraji wa kitaalamu husumbuka na vivuli vya shavu na unyevu wa jicho. Tshibumba alijua ya kuwa mtazamaji wake anamfahamu Lumumba kwa picha za magazeti, na kwa hiyo alimpa zile alama asizoweza kuzikana, kisha akaitumia nguvu yake iliyosalia katika mkao wa mwili, mikono iliyoinuliwa, kamba iliyofungwa nyuma, uso ulioinama au uliokataa kuinama.

Mimi nashikilia ya kuwa huu ni uchoraji wa sura wa daraja ya juu, ingawa haufanani na ule tuliofundishwa kuustahi. Picha ya sura huulizwa mambo mawili, kama mtu anatambulikana na kama heba yake imekuja pamoja naye, na picha za Tshibumba hujibu yote mawili.

> Alama tatu tu, naye mtoto wa shule anamtaja.

Wanaobishana

Juu ya mtu huyu watu hawakubaliani, na hoja zao zastahili kusikilizwa kwa staha.

Wako wanatarikhi wenye kumlaumu kwa kuchanganya mambo. Katika picha ya ghasia za Léopoldville za tarehe 4 Januari 1959, kwa mfano, Lumumba ndiye anayeonekana mbele ya umati, ilhali ghasia zile zilizuka baada ya kukatazwa mkutano wa Abako, chama cha Joseph Kasavubu. Lawama hiyo ni ya haki kwa mtu atakaye tarehe. Lakini Tshibumba alimweka Lumumba pale palipoanzia kufa kwa ajili ya uhuru, kwa kuwa watu wake walikuwa wamekwisha kumweka hapo katika fikira zao. Na mwenye kutaka kujua jinsi taifa lilivyojikumbuka mwaka 1974 hatapata ushahidi ulio wazi kuliko kosa hilo.

Wako wengine, na hoja yao ni nzito, wasemao ya kuwa mkusanyo mzima ni kazi ya mnunuzi, na ya kuwa pasipo Fabian na fedha zake na kinasa sauti chake mchoraji asingechora mfululizo ule, bali angeendelea na Mamba Muntu hata mwisho. Fabian mwenyewe hakuificha nafasi yake, ameijadili kwa kirefu. Hata hivyo ni Tshibumba aliyebisha mlango, ni yeye aliyejua la kuchora baada ya lile lililotangulia, na mtu hawezi kuagiza kwa fedha yasiyokuwamo moyoni mwa mchoraji. Tangu lini mwenye kulipia mnara ameitwa mwashi?

Kisha kuna mzozo ulio mkali kuliko yote, wa mahali. Upande mmoja husema wageni ndio waliomwokoa Tshibumba na usahaulifu: gunia la unga huliwa na mchwa, nyumba huuzwa, vita huja, na kati ya mamia ya picha zilizotundikwa katika sebule za Shaba wakati ule ni chache zilizosalimika; ilhali zile zilizonunuliwa na Fabian, na zile zilizokusanywa na Bogumil Jewsiewicki, mwanatarikhi aliyefundisha Lubumbashi na baadaye Kanada, zimehifadhika na kuonekana na watu wengi. Mwaka 1999 jumba la Museum for African Art la New York lilifanya maonyesho juu ya Lumumba katika uchoraji wa mijini, na Tshibumba akawa ndiye aliyetangulia wote. Mkusanyo wa Jewsiewicki uliingia jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, mwaka 2013 na kuonyeshwa Brussels mwaka 2016.

Upande wa pili hujibu ya kuwa sifa hiyo yote ilimjia asipokuwapo. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za Tshibumba zimekatika, na majumba yaliyomtukuza yalimtukuza ghaibu. Aliyelipwa bei ya gunia lililochorwa hakuiona bei ambayo jina lake lilikuja kuwa nayo, na mjukuu wa mfanyakazi aliyemnunulia picha ya kwanza hana pa kuiona ya pili isipokuwa apate viza ya Ulaya.

Nikilazimishwa kuchagua, nasema pande zote mbili zimesema kweli, lakini ya pili imeumiza zaidi, na juu yake inatupasa tufanye jambo.

Mlango mwingine wa siku hizi

Isidhaniwe ya kuwa mwendo wa Tshibumba ndio pekee ulioandikiwa mchoraji wa sura wa Afrika. Sungi Mlengeya, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1991, aliacha kazi ya benki mwaka 2018 akajitoa kwa uchoraji, naye pia hakupita katika chuo cha sanaa. Huchora wanawake weusi kwa rangi ya akriliki, na nguo zao pamoja na nafasi iwazungukayo huziacha nyeupe kabisa, hata jicho la mtazamaji lisipate pa kupumzika ila usoni na mikononi mwao.

Nyumba iliyomshika mkono na kumpeleka mbele ya ulimwengu ni Afriart Gallery ya Kampala, na mwaka 2022 kazi zake zikaonyeshwa The Africa Centre, London. Wanunuzi wakubwa wangali wengi wao ni wa ng'ambo, hilo halikubadilika, lakini bei, mapatano na jina vimepita kwanza katika mikono ya watu wa kwao, na mwenyewe yupo, hai na kijana, kuyasikia yasemwayo juu yake. Tofauti ya wachoraji hawa wawili haimo katika kipaji. Mmoja alipata nyumba ya biashara ya sanaa karibu na kwao. Wa pili alikuwa na mlango wa kubisha, na bahati ya nani angeufungua.

Lililo hatarini kwetu

Mwezi Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino la Lumumba, kitu pekee kilichosalia cha mwili wake, na nchi ikalipokea kwa machozi kabla ya kulizika Kinshasa. Mwaka huo huo Ubelgiji ilipitisha sheria ya kurudisha vitu vilivyotwaliwa wakati wa ukoloni. Wapo waliotumaini ya kuwa kwa njia hiyo picha za Tshibumba nazo zingerudi, lakini sheria za namna hiyo zahusu vilivyochukuliwa kabla ya uhuru, na picha hizi zilinunuliwa miaka 13 na 14 baada yake, mkononi mwa mwenyewe, kwa ridhaa yake. Tena zilizo nyingi zimo Uholanzi. Kuzidai kama mali iliyoibwa ni kumvunjia heshima aliyeziuza kwa fahari.

Linalowezekana ni jingine, na kwa maoni yangu ni bora kwa kuanzia. Nakala za picha zile zaweza kuchapishwa kwa ukubwa wake, kwa idhini ya jumba la Amsterdam. Na masimulizi, ambayo ndiyo nusu ya pili ya kazi, hayahitaji hata mfasiri, kwa kuwa yamo katika Kiswahili ambacho mama wa soko la Kasuku atakifahamu tangu sentensi ya kwanza, pengine akacheka mahali ambapo mtaalamu wa Ulaya aliandika maelezo ya chini kurasa mbili. Wasomaji wa Kiingereza wamekaa na kitabu hiki tangu 1996. Sisi, ambao lugha ya masimulizi hayo ni yetu, tumekaa bila nacho muda huo wote, na hilo halikusababishwa na Wazungu peke yao.

Na faida yake si ya kumkumbuka Tshibumba tu. Kindu ina tarikhi yake nzito, isiyochorwa na mtu kwa utaratibu ule: Novemba 1961, walipouawa hapa askari 13 wa jeshi la anga la Italia waliokuwa katika utumishi wa Umoja wa Mataifa, mwaka 1964, waasi walioitwa Simba walipoutwaa mji na baadaye jeshi la serikali na askari wa kukodiwa walipourudia, na vita vya baadaye, ambavyo kila nyumba ina jina la mtu wa kuvitajia. Wazee waliokuwa vijana mwaka 1961 wamekuwa wachache, na nyuso zao ziko katika vile vitambulisho vilivyofifia ambavyo wana wao huvipeleka kwa mafundi wa ukutani.

Mafundi wapo. Wana mkono, wana jicho, na wanajua kuuliza kama mzee alizoea kucheka. Hawajapata kuonyeshwa ya kuwa mtu wa daraja yao, mwenye rangi za dukani na kitambaa cha gunia, aliwahi kujitwalia kazi ya kuandika tarikhi ya nchi kwa nyuso, na ya kuwa ulimwengu ulimsikiliza.

Chuo Kikuu cha Kindu kina watu wa kuyasoma na kuyapanga masimulizi yale, na wa kuandika barua kwa Wereldmuseum. Serikali ya jimbo ina kumbi. Na gharama ya kuchapisha nakala 100 na ushei kwenye karatasi nzuri haishindi ile ya mabango ya siasa yanayopachikwa mjini kila uchaguzi. Tarehe 17 Januari ni siku ya mapumziko katika nchi nzima kwa ajili ya Lumumba, na watu hukaa nyumbani bila ya kazi. Maonyesho yaweza kufunguliwa Kasuku siku hiyo, milango ikiwa wazi bure, na mafundi wa kuta wakialikwa kwanza kabla ya wakubwa.